TAHADHARI mafundi: LDO feki zinauzwa Unguja na zinatumwa mpaka Pemba

Assalaam alaykum mafundi wenzangu. Kuna bwana anauza regyuleta za 3.3V (vile vidude vya kushusha volti za betri na kuzishika pale pale) kwenye magrupu ya WhatsApp, anasema duka lake liko upande wa Darajani, ukishamtumia pesa kwa simu anakutilia mzigo kwenye boti mpaka Mkoani. Anaziita LDO, yaani zile zinazotosheka na tofauti ndogo ya volti baina ya kuingia na kutoka, mgongoni zimeandikwa TLV1117LV33. Uongo mtupu! Ni AMS1117 za kawaida zimesuguliwa maandishi zikachapwa mengine, umbo ni lile lile na miguu imekaa vile vile, kwa macho hujui.

Ndani ya regyuleta hizi kuna tranzista imekaa baina ya betri na saketi, na kuna sehemu inapima volti zinazotoka muda wote, zikishuka inaifungua tranzista zaidi, zikipanda inaibana, lakini ili iweze kushika lazima volti zinazoingia zizidi zinazotoka, na huo ukomo wa chini wa tofauti yake ndo dropauti. TLV ya kweli haifiki hata nusu volti ukiivuta ampia 1. AMS1117 inataka volti moja na ushei. Sasa betri ya lithiamu ya spika ndogo ikijaa ni 4.2V, ikishuka kwenye 3.7V ukitoa hiyo volti moja na ushei unabakiwa na kama 2.6V, spika inajizima na chaji bado imo kibao. Mteja anakuja juu, anauziwa betri mpya, inajizima tena, khasara juu ya khasara.

Tena kifaa hata kikilala AMS inakula kama miliampia 5 yenyewe tu, siku nzima ni 120mAh zimekwenda bure, ile ya kweli inakula mikroampia 50. (AMS si mbovu jamani, kwenye 5V ya chaja inafanya kazi vizuri tu, ubaya ni kuuziwa kwa jina la mwenzake.)

Mlioko Mjini, kabla hamjalipa chukueni pamba na asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha mkasugue mgongo, hizi zake maandishi yanatoka pamoja na weusi. Au tia kapasita zake na rizista ya omu 33 baina ya mguu wa kutoka na hasi, ilishe 3.7V, upime na mita, isipokupa 3.3V mrejeshee.

Mie nlipomdai pesa yangu akanambia ati sijui kulehemu, kisha akanitoa kwenye grupu. Namba ya simu keshabadilisha, kwa hiyo mtazameni kwa mzigo: pisi zake zinakuja zimemwagwa ndani ya kifuko cha nailoni, hazimo kwenye ule mkanda wa vishimo zinaotoka nao kiwandani.