Sungura mwenye vidole vitatu: maoni yangu kuhusu boksi la mifupa ya maabara

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza na kila mwalimu niliyemwonyesha. Shilingi 180,000, na 10,000 nyingine ya mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam mpaka hapa Kigoma. Kwa hela hiyo niliahidiwa mifupa halisi, siyo plastiki, ya wanyama watatu waliosimamishwa kwa waya juu ya ubao na kufunikwa na plastiki angavu: mjusi, njiwa na sungura. Reptilia, ndege, mamalia. Kwa mwalimu wa Baiolojia aliyechora mataya ubaoni kwa chaki miaka tisa, ilikuwa kama Idi kuangukia mwisho wa mwezi.

Kosa langu ni kulifungulia darasani. Sijamaliza hata kubandua selotepu, kijana mmoja wa dawati la nyuma, anayefuga sungura kwao Ujiji, akanyoosha mkono.

"Madam, samahani. Huyu siyo sungura."

Alisema kwa Kiswahili, na mimi sikukumbuka kumdai Kiingereza. Nikamwuliza amejuaje. "Hana meno ya nyuma ya meno."

Asiyewahi kufungua mdomo wa sungura hatamwelewa. Sungura ana meno manne ya mbele kwenye taya la juu: mawili makubwa tunayoyaona sote, na mawili madogo kama punje za mchele yaliyojificha nyuma yake. Panya hana hayo madogo, simbilisi hana, na huyu wa kwetu hana. Tukahesabu vidole. Mbele vinne, nyuma vitatu. Sungura ana vitano mbele na vinne nyuma. Halafu ubavuni mwa pua, fuvu la sungura lina matundu matundu kama kipande cha wavu. La huyu halina wavu wowote. Ni simbilisi, ila kibandiko chake kimeandikwa SUNGURA kwa herufi za dhahabu.

Nikamtumia muuzaji picha. Jibu lake: "Madam, wote si ni mamalia?" Sawa, lakini ukiagiza mgebuka ukaletewa dagaa, nao wote ni samaki. Hela hajarudisha, na simu siku hizi inaita tu.

Sasa njiwa. Hapa sina ugomvi na mtu. Aliyemuunga huyu njiwa ni fundi hasa. Hata zile mbavu nyembamba, zenye ndoano ndogo inayoegemea ubavu wa pili yake, zimekaa zote. Mfupa wa kidari umechomoza katikati, na watoto wa Kibirizi hawakusubiri nieleze: "Mkuku!" Ndiyo, kama wa boti zinazoundwa pale ufukweni kwao, ila kazi yake hapa ni kushikilia nyama za kurukia. Begani mifupa mitatu imekutana ikaacha kitundu ambacho niliweza kupitisha uzi wa kushonea. Miaka yote nilikuwa nakisoma tu kitabuni. Nyama inayoshusha bawa iko kidarini, na inayolipandisha nayo iko kidarini, chini ya mwenzake. Inawezaje kuvuta juu wakati yenyewe iko chini? Kano yake inapita kwenye kile kitundu kama kamba kwenye kapi. Kesho yake nilikuja na kuku mbichi, nikakifunua kile kinyama chembamba cha ndani ya kidari, chenye uzi mweupe, nikakivuta. Bawa likapanda. Darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia.

Upungufu wa njiwa ni kwamba hajapasuliwa mfupa hata mmoja, kwa hiyo ndani huoni kitu. Dawa yake ni kuku wa kuchoma pale Mwanga jioni. Wenye mazoea ya kunyonya mifupa wanajua tayari: ukivunja paja unakuta uboho, ukivunja ule mfupa wa kipapatio unaoanzia begani, hakuna cha kunyonya. Ni mkavu, una hewa, na karibu na bega kuna tundu ambalo vifuko vya hewa vya kuku vilipitia kuingia ndani. Nilikusanya ya kutosha meza nzima, nikachemsha, nikaanika. Dada wa pale sasa ananiita mganga.

Mjusi ni mdogo kuliko picha ya tangazo, na alifika mkia umekatika. Nilikasirika mpaka nilipouweka chini ya lenzi. Haukukatika kwenye kiungo cha pingili na pingili. Umepasukia katikati ya pingili yenyewe. Ndivyo mijusi wengi wanaoacha mkia walivyoumbwa: mpasuko upo tayari, unasubiri paka. Mkia ukiota tena, ndani yake hapana pingili, ni mhimili wa gegedu tu. Sikuugundisha, nimeuacha hivyo.

Thamani kubwa ya boksi, hata hivyo, iko kwenye mataya. Msogeze mjusi karibu na njiwa, utazame pale taya linaposhikana na fuvu. Wote wawili wana kimfupa cha pekee kimesimama katikati kama bawaba. Kisha geukia simbilisi: hakipo. Taya lake la chini, kila upande, ni mfupa mmoja mtupu, wakati la mjusi lina mishono ya mifupa kadhaa. Kile kimfupa kilihamia sikioni. Kwa mamalia ndicho fuawe, na jirani yake wa taya la chini ndiye nyundo. Mjerumani Reichert aliliandika hilo mwaka 1837 kwa kuchunguza vichanga tumboni, na mabaki ya kale yakaja kumuunga mkono. Kwa kazi hii simbilisi anafaa sawasawa na sungura, hilo nampa muuzaji.

Ile karatasi ya maelezo itupeni. Imechora ngazi: mjusi chini, njiwa katikati, "sungura" kileleni, kana kwamba mmoja alipandishwa cheo akawa mwingine. Ukoo wetu mamalia ulitengana na ule uliozaa mijusi na ndege zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Njiwa hakuwahi kuwa njiani kuelekea kwa sungura. Ndege wametokana na dinosaria, na ndugu yao wa karibu aliye hai ni mamba, huyuhuyu wa Tanganyika. Kingekuwepo kichwa cha mamba mtoto kwenye boksi, ningelipa hata 200,000. Wala karatasi haina neno juu ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa nchi yetu, kulikopatikana jamaa wa karibu wa dinosaria aliyepewa jina mwaka 2010: Asilisaurus kongwe. Asili na kongwe, maneno yetu. Nililiandika ubaoni na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniomba nitafsiri jina la kisayansi.

Kwa hiyo nampa nyota tatu na nusu kati ya tano: nusu nimemkata kwa karatasi, moja kwa simbilisi. Plastiki ya juu inachubuka haraka, msiipanguse kwa kitambaa kikavu, na vumbi la huku mnalijua. Ubao ni mzuri.

Ukiagiza, kabla hujatuma hela mwambie akupigie picha ya mguu wa nyuma wa sungura, kwa karibu. Ukihesabu vidole vinne, tuma. Vikiwa vitatu, mwombe bei ya simbilisi.