Modemu ya Kununua kwa Laptopu ya Linux

Mtumiaji wa Linux anayeingia katika duka la kompyuta mjini Mombasa kutafuta modemu ya laini asianze kwa kuuliza kasi, bali aulize kompyuta yake itaitambua modemu hiyo kuwa kitu gani.

Ya kwanza kwangu ni Huawei E3372 ya 4G yenye programu ya HiLink, kwa kuwa hujitambulisha kama kadi ya mtandao, na kiendeshi chake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, kiitwacho cdc_ether, tayari kimo ndani ya Linux. PIN ya laini huingizwa kupitia kivinjari, kwenye anwani 192.168.8.1, bila kusakinisha chochote.

Ya pili ni E3372 hiyo hiyo isiyo na HiLink. Nayo ni nzuri, ila inahitaji ModemManager, programu ya Linux ya kusimamia modemu, na kujaza APN, yaani jina la njia ya intaneti ya mtandao wako. Kwa kuwa umbo la nje halitoshi kuzitofautisha, nenda dukani na laptopu yako, ichomeke modemu kabla ya kulipa, kisha uandike amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa. Mwanzoni inaweza kuonekana kama diski iliyobeba programu za Windows, kwa nambari 12d1:1f01. Programu ya usb_modeswitch ikishaigeuza isiwe diski tena, nambari ikawa 12d1:14dc, basi hiyo ni HiLink. Ugeuzaji huo huchukua sekunde kadhaa, kwa hiyo muuzaji asikuharakishe.

MiFi, kifaa kidogo chenye betri kinachosambaza intaneti ya laini, naiweka ya tatu: haibagui mfumo wowote, kwani huunganishwa kwa Wi-Fi, lakini betri yake huchakaa mapema katika joto letu la Pwani. Modemu za 3G kama E173, ambazo kilele chake ni megabiti 7.2 kwa sekunde, zinafaa tu kwa asiye na uwezo wa kupata nyingine.

Niliwahi kununua modemu iliyofungiwa mtandao mmoja. Linux iliitambua vyema, lakini laini yangu ilikataliwa, na duka halikukubali kunirudishia pesa. Tangu hapo huwa najaribu kwa laini yangu mwenyewe, si ya muuzaji, na sitoi pesa mpaka ukurasa ufunguke.

Anayeishi Mji wa Kale, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe hudhoofisha mawimbi, anunue pia kebo ya USB ya kurefushia ili modemu ikae dirishani, mbali na meza.