Kisu cha kazi mjini Kampala: kipi ununue, na ukipime vipi

Muuzaji akikuambia kisu chake ni kigumu, usiridhike. Chuma kigumu sana hushika makali muda mrefu, lakini hupasuka kama kigae. Chuma laini hupinda, nawe utakinyoosha na kukinoa tena. Kwa kazi za shamba, afadhali kisu cha chuma laini kidogo.

Nafasi ya kwanza tunakipa kisu cha springi ya lori, kinachofuliwa na mafundi wa mtaa wa Katwe. Chuma cha springi kwa kawaida kina kaboni kama asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukaza makali bila kukifanya kisu kivunjike ovyo. Shida huwa kwa fundi. Akishakizimisha kwenye mafuta kikiwa chekundu kwa moto, lazima akirudishie moto taratibu, nyuzi 200 za Selsiasi hivi au zaidi kidogo. Asipofanya hivyo, kinaweza kukatika kikianguka tu kwenye saruji. Tazama makali: rangi ya samawati maana yake grenda imeyaunguza, na hayatakaa. Jihadhari pia na visu vya nondo. Nondo nyingi hazina kaboni ya kutosha, hivyo hazikazi hata fundi awe hodari vipi.

Cha pili ni kisu cha bucha kisichoshika kutu, kama vile vya Tramontina kutoka Brazil. Kwa nyama na kumenya matoke kinakishinda cha springi, maana utomvu wa ndizi hukitia weusi chuma cha kawaida, na weusi huo huhamia kwenye chakula. Bapa lake ni jembamba, kwa hiyo mfupa uachie shoka.

Panga lililofupishwa ni la tatu. Halivunjiki kirahisi, ila hunolewa kila mara. Likikatwa kwa grenda, limwagiwe maji kila baada ya sekunde chache.

Cha mwisho kabisa ni kile cha “kijeshi”, chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini mtupu wenye dira. Ndani ya mpini huo bapa limeshikiliwa na kipande kifupi cha chuma na nati, na hapo ndipo kinapokatika. Usipoteze pesa.

Ukiwa bado kibandani, iwe soko la Owino au mtaa wa Kikuubo, anza na mpini. Chuma kionekane kikipita hadi mwisho, na ribiti zisiwe chini ya mbili. Pale bapa linapoingia kwenye mpini, pembe iwe ya mviringo. Pembe kali ndiyo huanzisha ufa. Kisha shika mpini kwa vidole viwili, gonga bapa kwa ukucha. Mlio safi ni dalili njema. Mlio mfu ni ufa au mpini uliolegea.

Nyumbani, vaa glavu na miwani. Pitisha tupa kwenye makali karibu na mpini: ikiuma kama inakwaruza msumari, chuma ni laini, ikiteleza bila kuacha alama hata kidogo, ni kikavu mno, yaani kigumu cha kumeguka, kwa kazi ya kupasua. Kipimo tunachokiamini zaidi ni cha fimbo ya shaba ya manjano yenye unene wa milimita 6. Ifunge kwenye jiliwa, laza kisu juu yake kwa nyuzi 15 hivi, kandamiza hadi uone makali yanabonyea, kisha yaachie. Yakirudi, chuma kimepikwa vizuri. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakimeguka, ni kikavu.

Malizia kwa ukuni mkavu wa mkaratusi, mnene kama kifundo cha mkono. Upasue kwa kugonga mgongo wa kisu kwa gongo la mti, kamwe si nyundo ya chuma. Halafu mulika makali kwa tochi ya simu: kila nukta inayong'aa ni mahali palipojikunja au kumeguka. Nukta moja mbili si neno.

Kabla ya kulipa, patana na fundi kwamba kisu kikifeli atakirudisha motoni bila malipo. Cha kiwandani huna wa kumrudishia, kwa hiyo kikague mara mbili.