Kured: ya kuributi nodi za klasta bila kuangusha kazi za watu

Wadau mnaoendesha klasta za Kubernetes (kundi la seva, kila moja inaitwa nodi, zinazoendesha app kwa pamoja), hii programu ya Kured naipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja nimeibania kwa sababu.

Kazi yake ni moja tu. Ukishaweka apdeti ya kerneli kwenye Ubuntu, mfumo unaacha faili la /var/run/reboot-required kuonyesha mashine inasubiri kuributi, sasa Kured inakaa kwenye kila nodi inachungulia hilo faili kila baada ya saa 1, ikilikuta inachukua kufuli ili nodi zingine zisubiri, inazuia podi mpya (vifurushi vya app vinavyokimbia kwenye nodi) zisiingie, inahamisha zilizopo, ndo inaributi, ikirudi inaifungulia nodi na kuachia kufuli kwa mwenzake. Zamu kwa zamu. Hapo ndo imenimaliza kabisa, maana etcd, yaani hifadhidata ya klasta yenyewe, ikiwa na seva 3 inavumilia kupoteza 1 tu, zikilala 2 kwa pamoja klasta haiandiki kitu.

Na podi haziuliwi kibabe. Zinapewa sekunde 30 kama hujabadilisha, zimalize maombi yaliyoko mkononi zifunge vizuri, na PodDisruptionBudget, yaani sheria ya podi ngapi lazima zibaki hai, inaheshimiwa. Ila hapa kuna mtego jamani, ukiandika minAvailable 2 (angalau podi 2 ziwe hai) na replika zako, yaani nakala za app, ni hizo hizo 2, hakuna podi itakayoruhusiwa kutoka, na Kured bila kuambiwa kitu inasubiri milele kwa sababu drain-timeout yake (muda wa kusubiri podi zitoke) ni 0, yaani haina kikomo, kufuli imeishikilia yeye na hakuna nodi nyingine inayoributi. Weka kikomo mwenyewe. Force-reboot usiiguse, hiyo inazima hata kama podi hazijatoka, sasa ulikuwa unaiweka Kured ya nini?

Nyota niliyoibania ni ya lock-release-delay, yaani muda wa kuendelea kushika kufuli baada ya nodi kurudi. Inakuja imezimwa, kwa hiyo nodi ikirudi tu mwenzake anaweza kuanza. Kwa app za kawaida haina shida, ila kama nodi zina Ceph (hifadhi ya data iliyosambazwa kwenye nodi nyingi) ni hatari kweli, data inahitaji muda kujilinganisha kabla hujazima nyingine. Ipe dakika kadhaa, na Kured iunganishe na Prometheus (mfumo wa kufuatilia klasta na kutoa alati), kukiwa na alati yoyote inayolia haizimi nodi. Hiyo ningependa kila mtu aiweke siku ya kwanza.

Masaa na siku za kuributi unachagua. Wa Red Hat hilo faili la reboot-required hamna, tumieni reboot-sentinel-command (Kured inaendesha amri badala ya kuchungulia faili) na needs-restarting, inafanya kazi vile vile.

Kuzima klasta nzima sasa, kwa mfano umeme unakatwa kwa matengenezo, Kured haihusiki, hiyo bado ni ya mkono: bekap ya etcd kwanza, simamisha app, zima nodi zinazobeba kazi, control plane (nodi zinazoongoza klasta) mwisho kabisa. Kuwasha unageuza, control plane inatangulia na husogei mpaka etcd iwe imesimama.