Nilivyompimisha mbwa wangu mdogo damu mjini Malindi: uzoefu wangu

Huduma ninayoieleza ni uchunguzi wa maradhi ya mbwa katika kliniki ndogo ya mifugo hapa Malindi. Mgonjwa alikuwa Popi, mbwa jike wa kilo 5 hivi, chotara wa wale mbwa wadogo wenye manyoya marefu ambao Waitaliano wa Casuarina huwaachia majirani wanaporudi kwao. Wengi wetu tukitajiwa daktari wa mifugo tunawaza sindano ya haraka na kwenda zetu. Mimi nililipia kazi ya kuutafuta ugonjwa kabla dawa haijatolewa, na ni kazi hiyo ninayotaka kuipima kwa haki, uzuri wake na upungufu wake.

Popi alianza kwa kususa chakula na kushinda amelala juu ya saruji, hata harufu ya samaki wa kukaanga isimwinue. Kisha damu ikamtoka tundu moja la pua bila ya kuumia popote, na nilipomgeuza nikaona vidoadoa vya rangi ya zambarau tumboni, pale penye manyoya machache. Duka la dawa za mifugo nililopitia kwanza lilinitolea dawa ya minyoo dirishani bila ya mtu kumtazama mbwa, na nilipouliza kuhusu damu ya puani nikajibiwa, "Joto tu hilo, dada." Sikuinunua. Kutoka Muyeye hadi kliniki nilipanda tuktuk ya mzee mmoja ambaye, baada ya shikamoo na maelezo kidogo, alikubali kunibeba kwa sharti kwamba mbwa akae ndani ya kikapu na asiguse kiti. Sharti la haki kabisa kwa mtu anayetoka hapo kwenda msikitini.

Daktari alianza na maswali, na nakiri kwamba mwanzoni niliyaona mengi kupita kiasi. Je, nyumbani kumewekwa sumu ya panya? Je, mbwa amepewa Panadol, diklofenaki au dawa yoyote ya binadamu? Je, tumempeleka Gede au pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako kuna mbung'o? Mkojo wake una rangi gani? Kupe wa mwisho alionekana lini? Kila swali lilikuwa na sababu yake, na nilielezwa sababu hiyo bila ya kuiomba. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mbwa huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuvuja damu. Mbung'o huambukiza nagana, yaani malale ya wanyama, ambayo kwa mbwa huweza kuyafanya macho yawe na ukungu mweupe. Mkojo wa kahawia humfanya daktari ashuku babesia, kijidudu cha kupe kinachopasua chembe nyekundu za damu. "Mama Popi," aliniambia, "damu ya puani ni mlango tu, hatujui bado aliyeufungua ni nani."

Kipimajoto kilisoma nyuzi 40.3 za Selsiasi, ilhali joto la mbwa mzima kwa kawaida halizidi 39.2 hivi. Fizi zilikuwa zimepauka. Daktari alizibonyeza kwa kidole akaangalia rangi inavyorudi, kisha akapapasa tezi za chini ya taya na za nyuma ya magoti, zote zimevimba, na bandama ambayo aliihisi kuwa kubwa kuliko kawaida. Damu aliitoa kwenye mshipa wa mguu wa mbele, akaikandamiza pamba hapo kwa muda mrefu. Alinieleza kwamba mbwa anayeshukiwa kuwa damu yake haigandi vizuri hatolewi damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo ikiwa papo pengine pa kuitoa, kwa kuwa shingoni ni vigumu kuizuia ikianza kuvuja.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike. Tone moja bichi liliwekwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini papo hapo, kwa sababu vijidudu vya nagana huonekana vikijinyonganyonga katikati ya chembe za damu vingali hai. Havikuonekana. Tone jingine lilitolewa kwa kuchoma ncha ya sikio, kwa kuwa babesia huonekana kwa urahisi zaidi katika damu ya mishipa midogo ya huko, likapakwa kwenye kioo, likakaushwa na kutiwa rangi. Babesia haikuonekana vilevile. Hapo daktari akaanza kuhesabu zile chembe ndogo zinazogandisha damu, na katika kila eneo la kioo ambalo kwa mbwa mzima angetarajia kupata kumi au zaidi, alipata moja au mbili, na mahali pengine hakupata hata moja. Aliniruhusu nichungulie mwenyewe. Sikuelewa nilichokiona mpaka aliponionyesha kioo cha mbwa mwingine mwenye afya, na tofauti ikawa wazi hata kwa mtu aliyesoma biolojia ya kidato cha nne tu.

Kisha kikaja kile kipimo cha haraka, kijisanduku cha plastiki kinachotiwa matone machache ya damu na kutoa jibu kabla ya chai kupoa. Kilionyesha kwamba mwili wa Popi umetengeneza kinga dhidi ya Ehrlichia, bakteria anayeenezwa na kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia na kuishi ndani ya chembe nyeupe za damu. Daktari hakukitegemea peke yake. Alieleza kwamba kipimo hicho husema mbwa amewahi kukutana na bakteria huyo, na huweza kuendelea kusema hivyo muda mrefu baada ya mbwa kupona. Kilichompa uhakika ni jibu hilo kuungana na homa, tezi, vidoadoa na kioo cha hadubini. Sampuli nyingine ilipelekwa maabara Mombasa kwa hesabu kamili, ikarudi na chembe za kugandisha 31,000 kwa mikrolita, wakati mbwa mwenye afya hutarajiwa kuwa na 200,000 au zaidi. Kwa hiyo kioo cha bei ndogo kilikuwa kimesema kweli kabla ya mashine.

Matibabu nayapitia kwa ufupi: doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kila siku kwa wiki nne, kipimo kikikadiriwa kwa uzito wake, ikitolewa pamoja na chakula ili isimchome koo wala kumtapisha. Homa ilishuka mapema na hamu ya kula ikarudi, lakini nilionywa vikali nisikatize dawa kwa sababu mbwa amechangamka, kwani ugonjwa huu una kipindi cha kujificha ambapo mnyama huonekana mzima huku bakteria angali mwilini, na ukifika kwenye uboho wa mifupa kupona huwa kugumu. Kipimo cha marudio baada ya dawa kwisha kilionyesha chembe zimerudi kwenye kiwango cha kawaida.

Upungufu upo. Gharama yote, pamoja na maabara ya Mombasa, ilikaribia bei ya mbuzi mdogo, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye kile kijisanduku cha plastiki. Ningependa nielezwe bei ya kila kipimo kabla hakijafunguliwa, jambo lililofanyika tu nilipouliza. Matokeo nilisomewa kwa mdomo na ilinibidi niyaombe kwa maandishi. Kliniki haina mahali pa kumlaza mbwa usiku, na kama Popi angehitaji kuongezwa damu, nadhani tungekuwa na kazi kubwa. Kuhusu kupe, ushauri ulikuwa mzuri lakini mfupi mno kwa nyumba za hapa: kupe huyu hutaga mayai kwa maelfu na hujificha kwenye nyufa za kuta, na anayejua kuta zetu za matumbawe anaelewa kwamba kumpaka mbwa dawa na kuuacha ukuta ni kufanya nusu ya kazi.

Pamoja na hayo, ningerudi hapo bila kusita, na nimekwisha kumpeleka shemeji yangu na mbwa wake wa ulinzi. Cheti cha usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya kimetundikwa ukutani mahali pa kusomeka, nacho ni kitu cha kukitazama popote utakapokwenda. Anayetoka Watamu au Mambrui apige simu kwanza, kwa kuwa asubuhi nyingi daktari huwa amekwenda kwa wafugaji wa ng'ombe upande wa Langobaya, na msaidizi anayebaki hupima joto na kuandika jina, lakini hadubini haigusi.