SWMM: programu ya bure iliyonipa jibu la "wewe ni mhandisi wa nini?"

Nilipomaliza shahada ya uhandisi endelevu wa miji nilikuwa nimegusa kila kitu: maji safi, maji taka, usafiri wa umma, nishati ya majengo, taka ngumu, ramani, hata sheria za ardhi kidogo. Kila somo muhula mmoja, basi. Kwenye usaili wangu wa kwanza, mzee aliyekaa katikati alisoma cheti changu mara mbili akaniuliza, "Sasa wewe hasa ni mhandisi wa nini?" Nikamweleza habari za miji, tabianchi na vizazi vijavyo. Akanisikiliza kwa adabu. Sikuitwa tena, na kwa kweli sikuwa nimemjibu.

Swali lile ndilo lililonifikisha kwenye SWMM (Storm Water Management Model), programu ya kompyuta ya maji ya mvua. Tathmini hii namwandikia mhitimu mwenzangu aliye pale nilipokuwa mimi. Mhandisi mkongwe wa mitaro anaijua programu hii kuliko ninavyoijua.

Kazi yake ni kukokotoa maji ya mvua mjini: mvua ikinyesha, kiasi gani kinazama ardhini, kiasi gani kinakimbilia mtaroni, na je, mtaro utakihimili au utafurika. Ilianza mwaka 1971 kwa ajili ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, na toleo la 5, lililoandikwa upya kuanzia mwanzo, lilitoka 2004. Hailipiwi hata senti. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika, maana programu nilizozizoea chuoni zilikuwa za leseni ya mwanafunzi, na leseni ilikufa na uanafunzi wangu. Hii niliipakua ikafunguka kwenye kompyuta yangu kuukuu bila shida.

Miongozo yake ndiyo kitu ninachokisifu kwa moyo wote. Mbali na mwongozo wa mtumiaji wenye zoezi la kuanzia, kuna juzuu 3 za marejeo: haidrolojia, haidroliki na ubora wa maji, nazo ni za bure vilevile. Kila hesabu inayofanywa ndani ya programu imeelezwa humo. Nilizisoma polepole kwa miezi 2, kalamu mkononi, na mambo niliyokuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani yakaanza kuniingia.

Sasa angalizo ambalo laiti ningepewa mapema. Nilichora mtaa wangu wa kwanza wa mazoezi, chemba 14 na mabomba yake, nikaweka mvua ya milimita 40 kwa saa, nikabonyeza kuendesha. Chemba zote 14 zikafurika. Nikahangaika siku 4 nikipanua mabomba. Tatizo halikuwa bomba. Programu huanza na futi za ujazo kwa sekunde, na kipimo hicho cha mtiririko ndicho kinachoamua vipimo vingine vyote. Bomba langu la 0.6 nililodhani ni mita lilisomwa kama futi 0.6, yaani sentimita 18 hivi. Mvua yangu ya milimita 40 ilisomwa kama inchi 40 kwa saa! Chagua lita kwa sekunde kabla hujachora mstari wa kwanza. Ukibadilisha baadaye, namba ulizokwisha kuandika hubaki zilezile, maana yake ndiyo inayogeuka. Na zile ambazo programu yenyewe ilikujazia tangu mwanzo hazitakuwa na maana uliyoitaka. Mwongozo unasema hivyo waziwazi. Mimi ndiye niliyeruka ukurasa.

Baada ya hapo nikaacha mtaa wa kubuni, nikachukua mtaro halisi ninaoupita kwa miguu. Nilipima urefu kwa futi kamba, nikapiga picha kila chemba, nikahesabu mapaa yanayomwaga maji humo. Kwenye modeli niliweka ukwaru (namba ya jinsi kuta na sakafu ya mtaro zinavyokwamisha maji) wa 0.013, namba ya kawaida ya zege, na jibu likaja kwamba kwenye mvua kubwa maji yangepanda hadi sentimita 70. Mvua kama hiyo ikanyesha kweli, na ilipokatika nilirudi na futi kamba yangu. Mstari wa tope ukutani ulikuwa kwenye sentimita 95. Nikachungulia vizuri: mchanga chini, matawi, jiwe kubwa limekaa pembeni. Zege la kitabuni halikuwa zege la mtaro ule. Nikapandisha ukwaru, nikapunguza kina kwa sababu ya mchanga, modeli ikasogea karibu na tope.

Kazi hiyo moja ndiyo niliyokwenda nayo kwenye usaili wa 5. Nilifungua mchoro wa wima wa mtaro, ule unaoonyesha maji ya buluu yakipanda ndani ya chemba dakika kwa dakika. Mmoja wa wasaili akasogeza kiti. "Mbona chemba ya 6 inafurika na ya 7 iliyo chini yake ina nafasi?" Nikamwambia kwamba maji yanayofurika, programu huyatoa kabisa kwenye hesabu, isipokuwa ukiyaruhusu yatuame juu ya chemba hadi yapate njia ya kurudi. Nikayaruhusu palepale, nikaendesha tena, chemba ya 7 nayo ikajaa. Hakuniuliza mimi ni mhandisi wa nini. Aliniuliza naweza kuanza lini.

Basi kazi zenyewe ziko wapi? Kwanza, usitafute tangazo lenye jina la shahada yako, utazeeka. Tafuta kazi yenyewe: mitaro, mafuriko, kalavati za barabara, maji taka. Kampuni za ushauri zinahitaji watu wa modeli, ofisi za miji zinahitaji watu wa kuzikagua, na waendelezaji wa viwanja mara nyingi hutakiwa kuonyesha kwamba ujenzi wao hautaongeza maji kwa majirani. Hapo ndipo ule "uendelevu" tuliousoma unapopata mwili, kwa kuwa SWMM inaweza kukokotoa bustani za mvua, mapaa ya kijani na sakafu zinazopitisha maji. Jiji la Philadelphia lilianza mwaka 2011 mpango wa miaka 25 wa kutumia miundombinu ya namna hiyo kupunguza maji taka yanayofurikia mitoni. Mpango kama huo unahitaji mtu wa kusema bustani ngapi, wapi, na zitapunguza lita ngapi. Mtu huyo ni sisi.

Lakini uliza mapema kuhusu usajili wa kitaaluma. Katika nchi nyingi bodi ya wahandisi hutazama masomo uliyosoma, na shahada pana kama yetu inaweza kukutwa na pengo la miundo au udongo. Ni afadhali ulijue pengo ukiwa bado chuoni.

Kasoro za programu nazo zipo. Madirisha yake ya kazi ni ya Windows tu. Haisomi moja kwa moja faili za QGIS, programu ya ramani, kwa hiyo utaandika namba nyingi kwa mkono au utajifunza kuziingiza kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Bahati nzuri faili lake ni maandishi matupu, linafunguka popote. Na inafuata maji ndani ya mtaro. Yakishatoka na kuanza kutambaa barabarani hadi majumbani, haitakuchorea yanakoelekea. Kwa ramani ya mafuriko utahitaji kitu kingine.

Wala si kwa kila mtu. Aliyependa mabomba ya maji safi aanze na EPANET, iliyoandikwa na Lewis Rossman, yuleyule aliyeiongoza SWMM 5, kwa hiyo ukijua moja, ya pili haikupi taabu. Wa usafiri ana SUMO, wa majengo ana EnergyPlus, zote za bure.

Mimi nimebaki na mitaro. Leo niko kwenye mtandao wa chemba 212, na namba ya kwanza ninayoitazama baada ya kuendesha ni hitilafu ya urari, yaani maji yaliyoingia dhidi ya yaliyotoka na yaliyobaki. Mwongozo unasema ikizidi asilimia 10 matokeo yatiliwe shaka. Asubuhi ilikuwa 11. Nimeshalipata bomba lenye kosa: fupi mno, mita 2 tu kati ya chemba 88 na 89, nami kesho naenda kulipima upya.