Mita ya DT830D kwenye mashine ya boti inayogoma kuwaka: uzoefu wangu Majanji

Kwa sisi tunaobeba abiria na mizigo kati ya Majanji na visiwa vya Sigulu, upande wa Uganda, mashine ikigoma kuwaka ni hatari. Upepo wa Ziwa Viktoria ukishaamka, boti iliyozimika inakwenda unakoipeleka upepo. Yangu ni mashine ya zamani, farasi 40, mipigo miwili, yenye stata ya umeme, yaani mota ndogo inayoizungusha iwake. Kamba ya dharura ipo, ila kuivuta huku mawimbi yanapiga ubavuni na watu wamekaa hadi nyuma ni kazi ngumu sana. Ndiyo maana nilinunua mita ya dijitali ya kupimia umeme, DT830D, pale Busia, kwa shilingi 25,000, na leo naisifu bila kusita.

Tatizo lilikuwa hivi: nikibonyeza swichi, solenoidi (swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri kwenda kwa stata) inalia "ta!" mara moja, kisha kimya. Stata haizunguki. Fundi mmoja aliusikiliza mlio ule akasema stata imekufa, niandae pesa ya nyingine. Kijana wangu wa boti akamuunga mkono: "Mzee, tununue tu, kesho tuna mzigo wa dagaa wa mukene." Nikamwambia tupime kwanza.

Niliiweka mita kwenye DC (umeme wa betri) volti 20, gia ikiwa nyutro, nikachomoa klipu ya kuzimia ili plagi zisitoe moto (kwenye mashine yangu stata huzunguka hata klipu ikiwa nje). Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.6, yaani imejaa. Kijana akabonyeza swichi: ikashuka kidogo tu, 12.3. Hapo nilijua kosa si la betri. Stata inayozungusha mashine huvuta umeme mwingi, na hata betri nzima hushuka hadi karibu 11 au 10 na kitu. Isiposhuka, ujue umeme mwingi haupiti, kuna mahali umezibwa. Ingeshuka hadi 7 au 8, ningeishuku betri yenyewe, au stata iliyokwama.

Nikaenda kwenye solenoidi. Ncha nyeusi kwenye mwili wa mashine, nyekundu kwenye boliti inayopeleka umeme kwa stata, swichi ikabonyezwa: 12.2. Solenoidi nzima. Nikahamisha ncha nyekundu kwenye boliti ya stata yenyewe: 1.9. Volti zaidi ya 10 zilikuwa zinapotelea kwenye kipande cha waya mnene kisichozidi urefu wa mkono! Waya mzima haupaswi kula hata nusu volti. Nilipovua kifuniko cha mpira kwenye kichwa chake, shaba yote ilikuwa unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache zinazoshikilia.

Hapa ndipo penye somo ambalo mafundi wengi wanalipita. Kabla ya kuukata ule waya niliupima kwa ile sehemu ya mlio, ambayo hulia umeme ukipita kati ya ncha mbili za mita, na mita ikalia vizuri kabisa, kana kwamba waya ni mzima. Mlio unahitaji umeme mdogo mno, na uzi mmoja wa shaba unatosha kuupitisha. Stata inataka ampea 100 hivi au zaidi, na uzi mmoja haubebi hizo. Kwa hiyo nyaya nene zipime kwa volti, swichi ikiwa imebonyezwa. Mlio uachie fyuzi, swichi ya nyutro (ile inayozuia stata gia ikiwa imeingia) na nyaya nyembamba. Hizo ndizo za kuanzia pale unapobonyeza na usisikie hata "ta".

Niliweka waya mpya wa unene uleule, vichwa vikabanwa kwa koleo lake, nikapaka grisi. Swichi ikabonyezwa: betri 10.9, kwenye stata 10.5, mashine ikazunguka kwa nguvu zake za zamani. Mzigo wa mukene ukaondoka alfajiri.

Kuhusu mita yenyewe, ina mapungufu. Nyaya zake ni nyembamba na hukatika pale zinapoingia kwenye ncha, hivyo nilizifunga tepu mapema. Yangu haina taa kwenye kioo, na haihimili maji hata kidogo. Naitunza ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Namba zake hutulia polepole, kwa hiyo swichi ishikiliwe sekunde mbili tatu, halafu stata ipumzishwe isichemke. Betri yake ndogo ya volti 9 ikichoka, mita husoma juu kuliko ukweli, na betri ya boti iliyokufa inaweza kuonekana nzima. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, badilisha siku hiyohiyo.

Tundu la 10A, la kupimia ampea, lisiguswe kwa kazi ya stata. Halina fyuzi, na ukipitisha humo umeme wa stata utaunguza mita na pengine vidole, tena karibu na tangi la petroli. Na kabla ya kufungua nati yoyote kwenye nyaya nene, toa kwanza waya wa hasi kwenye betri.

Anayetaka kupima ampea za stata atafute mita ya kubana juu ya waya, lakini aulize dukani kama inapima DC. Nyingi za bei nafuu zinapima AC (umeme kama wa nyumbani) peke yake, na kwenye boti hazina msaada.